Kijana Akija Kuomba Barua

(Mazungumzo na wenyekiti, makarani na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia)

Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa wengine litaonekana dogo kuliko mbuzi wa maziwa na matangi ya maji tuliyozoea kuyazungumzia hapa. Ni barua. Ile barua ambayo kijana wa kijijini huja kuiomba akiwa na bahasha ya kaki mkononi, jua limekwisha kutua, naye anakuambia, "Mama, kesho ndiyo siku ya mwisho."

Nyote mwamjua kijana huyo. Anakuja Januari akitafuta basari ya shule ya upili. Anakuja tena akiitwa chuo kikuu au chuo cha ufundi. Miaka inapita, anakuja mara ya tatu akiwa na cheti chake, anatafuta kazi, na tangazo la kazi linataka majina ya watu watatu wa kuulizwa habari zake. Kwa chifu ameshapita, kwa mwalimu mkuu ameshapita, kwa padre au mchungaji pia. Sasa amefika kwa kikundi, kwa sababu amesikia kwamba kikundi kina muhuri.

Hapo kwenye muhuri ndipo shida inapoanzia. Wako viongozi wanaodhani kwamba kazi ya kikundi ni kuupiga huo muhuri tu. Kijana anaambiwa, "Andika mwenyewe, ulete nikupigie." Au karani anatoa barua ya zamani iliyoandikwa kwa kijana mwingine, anabadilisha jina, basi. Mwajua inavyosema, kwani nchi nzima barua ni hiyo hiyo moja:

"Kwa yeyote anayehusika. Nathibitisha kwamba mwenye barua hii namfahamu vizuri sana. Anatoka katika familia maskini. Ni kijana mtiifu, mwenye bidii, mnyenyekevu na mcha Mungu. Msaada wowote atakaopewa utashukuriwa sana."

Mnacheka kwa sababu mnaijua. Pengine hakuna uongo wowote ndani yake. Lakini ukiondoa jina, barua hiyo ni ya kijana gani? Yaweza kuwa ya yeyote kutoka Busia mpaka Lamu. Haisemi unamfahamu tangu lini, wala alifanya nini ukamwona. Haisemi hata anaomba nini!

Sasa tukae upande wa pili wa meza. Tuseme kamati ya basari imepata fomu mia tatu, na pesa zilizoko zitawatosha wanafunzi arobaini. Wanakamati wamekaa tangu asubuhi. Wanafungua fomu ya kwanza: mtiifu, maskini, mcha Mungu. Wanafungua ya pili: mtiifu, maskini, mcha Mungu. Wakifika ya hamsini hawasomi tena, wanatazama muhuri tu na kugeuza ukurasa. Basi wataamua kwa njia gani? Wengine watatazama alama za mtihani. Wengine, tuseme ukweli, watauliza mtoto ni wa nani. Barua tupu haimsaidii mnyonge hata kidogo. Inamsaidia yule mwenye mjomba kwenye kamati, kwa sababu barua zote zikifanana, mjomba ndiye anayebaki kuwa barua.

Hilo ndilo linalotufanya tuje kulisema mbele yenu. Huyu mtoto ambaye hana mtu mjini, ambaye baba yake hajui kuandika, barua ya kikundi ndiyo sauti yake ya pekee ndani ya kile chumba. Ikiingia ikiwa bubu, yeye naye amekuwa bubu.

Na siku hizi wasomaji wa barua wamekuwa wagumu zaidi. Oktoba 2022 Tume ya Utumishi wa Umma iliagiza ofisi za umma zikague vyeti vya masomo vya watu walioajiriwa katika miaka kumi iliyotangulia. Februari 2024 matokeo yalipotangazwa, zaidi ya watu 2,000 walikuwa wamepatikana na vyeti vya kughushi. Mwajiri aliyesikia habari hiyo haamini tena karatasi kwa sababu ina muhuri wa rangi ya zambarau. Anataka kuona kitu anachoweza kukiuliza na kupata jibu.

Sasa tuseme kile ambacho kikundi kinacho na wengine hawana. Chifu ana watu maelfu. Wanaokumbuka fomu za HELB, ile bodi ya mikopo ya wanafunzi iliyoundwa mwaka wa 1995, wanakumbuka foleni ya kwa chifu, na chifu maskini anaandika huku wengine arobaini wanangoja mlangoni. Mwalimu anamjua mtoto kwa masomo na kwa nidhamu ya shuleni, na hilo ni jambo kubwa, lakini jioni mtoto anakwenda zake. Nyinyi mnamwona Jumamosi. Mnamwona wakati wa likizo, wakati wa ukame, wakati mama yake anaumwa. Mmemtuma sokoni na pesa za kikundi akarudi na chenji yote. Mmemwona kwenye kitalu cha miche akimwagilia bila kusimamiwa, au mmemwona akilala chini ya mwembe, na hilo nalo ni ujuzi!

Tena vikundi vyetu vina kitu ambacho hata maofisa wengi hawana: madaftari. Daftari la mahudhurio, daftari la akiba na mikopo, daftari la mauzo. Kama kijana aliwahi kuandika katika madaftari hayo, ushahidi wake uko mle ndani, na tarehe ziko.

Tumetunga mfano wa barua ili muone tunachosema. Msichana huyu hayuko, tumembuni, lakini wasichana wa namna yake mnao. Kikundi ni cha akina mama wanaoendesha kioski cha maji. Juu ya karatasi wameandika jina la kikundi, nambari ya usajili, kijiji na lokesheni, na tarehe. Kisha jina kamili la msichana kama lilivyo katika kitambulisho. Halafu wanasema hivi:

"Twamfahamu msichana huyu tangu mwaka wa 2019, mama yake alipojiunga nasi. Kutoka Januari 2024 mpaka Agosti 2025 yeye ndiye aliyekuwa akiandika daftari la kioski chetu cha maji kila Jumamosi na siku za likizo. Kila jioni alihesabu pesa mbele ya mweka hazina, wote wawili wakatia sahihi. Mwezi wa Aprili 2025 aliona kwamba mita na daftari hazipatani, na kwamba kwa wiki moja imepotea mitungi 31 ya lita 20. Hakumlaumu mtu. Alifuatana na fundi wakaikagua njia ya maji mpaka wakapata bomba linalovuja nyuma ya shule ya chekechea.

"Darasani hatujamwona, kwa hivyo juu ya masomo mwalimu wake aulizwe. Ni mtu wa maneno machache, na siku za kwanza wateja walidhani ana maringo. Baadaye walimzoea.

"Nyumbani wako watoto wanne, na wawili wako shule ya upili. Baba alifariki mwaka wa 2021. Mama ana robo tatu ya eka na hufanya kibarua cha kuchuma majani chai. Mwaka jana kikundi kilimkopesha shilingi 6,000 za karo, naye amelipa 2,500. Haya tumeyaandika kwa ruhusa yake. Msichana anaomba msaada wa karo ili asomee uhasibu katika chuo cha ufundi. Akiukosa, atabaki nyumbani, kwa maana kikundi hakina mkopo mwingine wa kumpa mama yake mwaka huu. Mweka hazina wetu yuko tayari kuulizwa kwa simu jioni baada ya saa kumi na moja."

Halafu sahihi tatu, za mwenyekiti, karani na mweka hazina, pamoja na nambari ya simu. Na muhuri, ndiyo, muhuri upigwe. Lakini usipigwe juu ya majina mpaka yasisomeke, kama tunavyoona mara nyingi.

Barua hii haina neno "mwaminifu" hata mara moja. Haina "mwenye bidii". Lakini nani ataisoma asijue kwamba msichana huyu ni mwaminifu na ana bidii? Mitungi 31 imesema. Ile habari ya bomba itakaa katika kichwa cha mwanakamati mpaka jioni. Atamwambia mwenzake, "Yule wa bomba, tumempangia nini?" Ameshapata jina.

Na lile jambo la kwamba ni mtu wa maneno machache, msiliogope. Wako waliotuuliza kama kufanya hivyo si kumharibia mtoto. Sivyo. Barua inayosifu kila kitu huaminiwa nusu. Msomaji akiona mmesema na jambo dogo lisilo la sifa, na mmesema wazi kwamba masomo yake hamyajui, ataamini na yale mengine. Shahidi mwema ni yule anayesema, "Hapa niliona, pale sikuona."

Jambo hili la barua za kupendekeza watu si geni, wala halikuletwa na serikali. Wasomaji wa Biblia mtakumbuka sura ya 16 ya Waraka kwa Warumi. Paulo anamtambulisha Fibi, mama wa kanisa la Kenkrea. Ni mistari miwili tu. Anasema ni nani na anatoka wapi, anaomba apokewe na asaidiwe katika haja yake, na anataja sababu, ya kuwa mama huyo amewasaidia watu wengi, na Paulo mwenyewe akiwemo. Hakuna la ziada. Na ile barua fupi kwa Filemoni ni ngumu zaidi, kwani anayeombewa, Onesimo, alikuwa na doa. Paulo halifichi doa hilo. Anakubali kwamba zamani hakuwa na faida kwa Filemoni, anasema sasa amebadilika, na kama kuna deni, anasema atalilipa yeye. Tungependa muende mkaisome barua hiyo kwa jicho la karani wa kikundi.

Tuje kwenye umaskini, maana hapo pana mitego. Neno "maskini" limechoka. Kamati inalisoma katika kila fomu. Andikeni hali yenyewe: shamba lina ukubwa gani, watoto shuleni ni wangapi, nani analeta chakula na kwa kazi gani, deni la karo ni kiasi gani. Mwaka wa 2023 Serikali ilipoleta mtindo mpya wa kufadhili wanafunzi wa vyuo vikuu, familia zilipangwa kwa makundi kulingana na habari zilizojazwa, na mwaka uliofuata wanafunzi wengi walilia kwamba wamewekwa katika kundi lisilo lao. Kilio chao kilikuwa kwamba mfumo haukuijua nyumba. Sisi twaijua nyumba. Basi tuseme tunachokijua kwa hesabu, si kwa machozi.

Na tusiongeze chumvi. Msimwite mtoto yatima na baba yake yuko Nakuru anaendesha gari. Kama baba amewatupa, semeni hivyo, kwamba baba yuko hai na tangu mwaka fulani hajaleta msaada. Hilo lina uzito wake. Wafadhili wengine hufika nyumbani. Mpango wa Wings to Fly, ulioanzishwa mwaka wa 2010 na wakfu wa Equity pamoja na Mastercard Foundation, ulikuwa ukiwahoji watoto mbele ya watu wa eneo lao na kuzitembelea nyumba zao kabla ya kuwapa nafasi. Mgeni akikuta ng'ombe wawili wa gredi pale ambapo barua ilisema hakuna hata kuku, mtoto huyo amepotea. Na si yeye peke yake. Mwaka ujao barua yoyote yenye muhuri wa kikundi hicho itasomwa kwa shaka, hata ya mtoto ambaye kweli hana kuku.

Kuna mengine ambayo ni ya kweli lakini si yetu kuyaandika. Hasa ugonjwa. Sheria ya mwaka wa 2006 juu ya HIV na Ukimwi inakataza mtu kutangaza hali ya mwingine bila ruhusa yake. Bado tunaona barua zinazosema baba alikufa kwa ugonjwa fulani na mama anatumia dawa. Mwaandika mkidhani mnamtafutia mtoto huruma, kumbe mmeitoa siri ya mama na kuipitisha katika mikono ya karani, dereva na wanakamati kumi. Andikeni kwamba mzazi ni mgonjwa wa muda mrefu na hawezi kufanya kazi. Inatosha. Na hata madeni na mambo ya shamba, muulizeni mzazi kwanza, kama wale akina mama wa kioski walivyofanya.

Sasa tuna neno juu ya wasichana, na baba zetu mtuvumilie. Chukueni barua za mwaka mzima mlizo nazo ofisini mzisome upya. Mvulana ameandikwa kwamba ni hodari, anaongoza wenzake, ana akili ya ufundi. Msichana ameandikwa kwamba ni mpole, mtiifu, ana heshima kwa wazazi. Yote ni mazuri, lakini nani atapewa nafasi ya kusomea uhandisi? Jambo hili si la kwetu pekee. Mwaka wa 2003 watafiti wawili huko Marekani, Frances Trix na Carolyn Psenka, walitoa matokeo ya kusoma barua zaidi ya 300 zilizowapendekeza madaktari kwa kazi ya kufundisha katika shule kubwa ya udaktari. Waliona kwamba kwa kawaida barua za wanawake zilikuwa fupi kuliko za wanaume, na mara nyingi zaidi zilikuwa na maneno ya kutia shaka. Walioziandika walikuwa watu waliosoma sana, na bila shaka wengi wao walitaka kusaidia. Ikiwa imekuwa hivyo kwao, sisi tuangalie mara mbili. Msichana akitengeneza pampu, andikeni pampu. Upole wake mtautaja mwishoni kama nafasi imebaki.

Juu ya lugha. Makarani wengi wanaogopa kuandika kwa sababu Kiingereza chao si kizuri, ndipo wanamwachia kijana aandike mwenyewe. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Barua yako ya Kiswahili safi ina haki ya kuingia katika ofisi yoyote ya umma. Kama inakwenda ng'ambo, kwa chuo cha Uingereza au Marekani, tafuteni mwalimu aitafsiri, na zote mbili zipelekwe pamoja. Vyuo vingi vya huko hawataki hata barua ipitie mikononi mwa mwanafunzi. Wanamwandikia anayempendekeza moja kwa moja kwa barua pepe, naye anajibu kupitia anwani aliyotumiwa. Basi kikundi kiwe na anwani ya barua pepe inayofunguliwa, si ile iliyofunguliwa na kijana mmoja mwaka wa 2015 akaenda nayo Nairobi.

Na siku hizi simu yenyewe inaandika barua. Kijana anaiambia programu ya akili bandia, "Niandikie barua ya mapendekezo," na kabla chai haijapoa barua imetoka kwa Kiingereza cha kung'aa. Hatukatazi kifaa kinachosaidia kusahihisha maneno. Lakini simu haikuwako kwenye kioski. Haijui habari ya mitungi 31, kwa hivyo itarudi kwenye ule wimbo wa zamani wa mtiifu na mwenye bidii, ila kwa maneno marefu zaidi. Mwambieni kijana hivi: barua usituletee, tuletee habari. Alete tangazo lenyewe la kazi au la basari, nakala ya vyeti, siku ya mwisho ya kupokea fomu, na karatasi moja ya kutukumbusha kazi alizofanya na kikundi na miaka yake. Kuandika ni juu yetu.

Je, kama hamwezi kumpendekeza? Hili huumiza vichwa, kwa sababu kijijini tunaishi pamoja, na mama yake huenda ndiye jirani unayeomba moto kwake. Tuseme kijana alipewa pesa za mbegu na zikapotea, na mpaka leo hajaeleza. Mwiteni faraghani, mapema, mwambieni wazi kwamba barua ya kikundi hamtampa, na sababu mmpe. Atakasirika. Lakini atapata nafasi ya kutafuta mtu mwingine, au ya kuja kulimaliza lile jambo la mbegu. Kibaya ni kumwambia "njoo kesho" mpaka siku ya mwisho ipite. Kibaya zaidi ni kumwandikia barua ya kumchoma bila yeye kujua. Na kama amelipa deni na amebadilika, barua ya Filemoni iko pale, inaonyesha namna ya kuandika.

Mtoto wa mwenyekiti akiomba, mwenyekiti akae kando na wengine watie sahihi. Na hapo hapo tuseme kwamba barua haiuzwi. Si kwa shilingi mia, si kwa kuku, si kwa "chai ya karani". Kikundi kikitaka kulipia karatasi na wino, mfuko wa kikundi ulipie, na iandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Kijana anayetafuta karo hana pesa za kukulipa ili useme kwamba hana pesa.

Limebaki jambo la simu, na hili ni la waliohitimu hasa. Kijana amemaliza chuo, ameandika jina la mwenyekiti katika karatasi zake za kuomba kazi bila kumwambia. Mwenyekiti yuko sokoni anauza nyanya, simu inalia, nambari haijui. Mtu anauliza kwa Kiingereza kama anamfahamu fulani wa fulani, kwa jina la cheti. Yeye kijijini anamjua kwa jina la nyumbani. Anajibu, "Huyo simjui," anakata. Kazi imekwisha hapo, na kijana hatajua kamwe kwa nini hakuitwa.

Kwa hivyo vijana waambiwe: asiyetuomba ruhusa asituandike. Na kikundi kichague mtu mmoja, awe yule anayemjua kijana vizuri kuliko awe mwenye cheo. Awe na nakala ya barua. Kama karatasi hupotea, apige picha kwa simu. Akipigiwa, aulize kwanza ni nani anayeuliza na anatoka ofisi gani. Kama yuko mahali pa kelele aseme, "Nipigie baada ya nusu saa," aende akasome nakala yake. Aseme yaliyoandikwa. Akiulizwa jambo asilolijua, aseme halijui. Matapeli nao wapo, basi nambari ya kitambulisho ya kijana na habari za familia yake zisitolewe kwa kila anayepiga. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019, habari za mtu zina ulinzi, na faili letu la barua likae ndani ya sanduku lenye kufuli pamoja na daftari la mikopo.

Vikundi vilivyosajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka wa 2022 vina nambari kwenye cheti chao. Iandikeni juu ya kila barua, kwa sababu anayetaka kujua kama kikundi kipo ataanzia hapo. Na barua ipitishwe katika mkutano kama kuna muda. Kama hakuna muda, viongozi watatu waipitishe, kisha isomwe kwa wanachama mkutano unaofuata. Tumeona jambo la ajabu likitokea barua zinaposomwa namna hiyo. Mama mmoja wa nyuma husimama akasema, "Mmesahau kwamba ni yeye aliyemwandikia nyanya yangu barua zote za kwa daktari." Na hiyo ndiyo sentensi iliyokuwa inakosekana.

Tumesema vya kutosha. Karatasi na kalamu ziko pale mezani. Kabla ya chai, kila kikundi kikae pamoja, kichague kijana mmoja kinayemjua kweli, kiandike barua yake isiyozidi ukurasa mmoja, bila kutumia neno mtiifu. Jina lake msiliandike, andikeni "kijana huyu". Baada ya chai tutabadilishana karatasi, na kila kikundi kitasoma barua ya kikundi kingine kama vile ndicho kamati, kina nafasi arobaini, na fomu mia tatu ziko mezani.